Ghala la Mtandaoni na Hati ya Shehena

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi juu ya jiwe katika ufuo wa Luanda Kotieno, nikingoja kivuko cha kwenda Mbita, na kwa kuwa kivuko hakina haraka ya abiria mmoja, nilipata wasaa wa kutazama jinsi shehena inavyopakiwa. Jina la mahali hapo kwa Kijaluo hubeba maana ya mwamba wa kwa Otieno, na kweli mwamba wa kukalia haukosekani. Magunia ya omena yalikuja mabegani mwa wachukuzi, kila moja limeshonwa mdomo na kutiwa alama ya mwenyewe kwa rangi. Makreti ya soda yakapangwa upande mmoja na pikipiki upande wa pili. Mbuzi watatu wakafungwa penye kivuli. Na mtu aliyesimama karibu na mlango wa chombo, kalamu sikioni, hakuridhia mzigo wowote upite mpaka ajue ni wa nani, unashukia wapi na ndani yake mna nini. Hapana aliyeona udhia kwa maswali hayo, maana kila mmoja alifahamu kwamba mzigo usio na jina, ukifika ng'ambo, huwa mali ya aliyeuokota.

Kando yangu aliketi kijana mmoja, karani wa kikundi cha wavuvi katika ufuo ambao sitautaja, amepakata kompyuta ya mitumba inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Kazi yake kila jioni ni kuandika uzito wa samaki waliopimwa, mbuta, ngege na omena, pamoja na majina ya wenye mashua. Kisha programu ya kuhifadhi mtandaoni huchukua nakala ya daftari hilo na kuipeleka katika seva iliyo mbali, ili ofisi ya mjini ilisome. Siku tisa zilikuwa zimepita pasipo hata ukurasa mmoja kufika. "Mzee," aliniambia, "nimenunua bando mara tatu, na bado wananipigia simu kwamba sijatuma kitu. Mtandao wa huku ni wa kubahatisha." Nilimwomba anifungulie daftari la matukio la programu ile, ambalo hakuwa amelifungua kamwe kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lipo, na humo, katika mstari uliorudiwa mamia ya mara, programu ilikuwa ikilalamika waziwazi kwamba cheti cha seva kilikuwa hakijaanza kutumika. Tukatazama saa ya kompyuta: ilikuwa nyuma kwa miaka kadhaa. Betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ile ya aina ya CR2032, ilikuwa imekufa ndani ya mashine. Huduma ya kurekebisha saa kwa njia ya mtandao ilikuwa imezimwa na mtu asiyejulikana kabla mashine haijauzwa. Na kwa hiyo kompyuta, kila ilipowashwa, iliamini kwamba inaishi katika mwaka uliokwisha pita, ikakikataa cheti halali kama karani wa benki anavyoikataa hundi yenye tarehe ya mbele. Tuliirekebisha saa, na kabla kivuko hakijapiga honi kurasa za siku zote tisa zilikuwa zimekwenda.

Nimekileta kisa hiki kidogo mbele ya msomaji kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa ambalo ofisi zetu, shule zetu na vyama vyetu vya ushirika havijalitia maanani. Tumeingia katika zama za kuweka mali yetu ya maandishi katika maghala ya mtandaoni, tukaambiwa kwamba kazi yetu ni kulipa na kupakia, na kwamba mengine yote yanajiendesha yenyewe. Hayajiendeshi. Baina ya faili iliyo mezani pa karani wa ufuoni na ghala lililo ng'ambo ya bahari kuna programu iliyofungashwa na mtu, ikasimikwa na mtu, na ambayo siku ya kukwama itahitaji mtu wa kuikwamua. Rai yangu ni hii: ghala la mtandaoni ni amana, na amana haijakamilika maadamu mwenye mali hana hati ya shehena inayomwonyesha kilichofungwa, wala daftari analoweza kulisoma yeye au fundi wa karibu naye likamwambia mzigo ulikokwama.

Na tuanze na kufungasha. Neno kifurushi limekwisha zoeleka masikioni mwetu kwa maana ya bando la data linalonunuliwa kwa simu, lakini mafundi wa Linux hulitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na ile ya wachukuzi wa Luanda Kotieno. Kifurushi cha Debian, mfumo ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao juu yake umejengwa Ubuntu pamoja na mifumo mingine mingi, ni faili moja iliyofungwa, na ndani yake, pamoja na programu yenyewe, mna hati fupi inayotaja jina la programu, toleo lake, aina ya mashine inayoifaa, jina la mwenye dhamana ya kuitunza, na orodha ya programu nyingine ambazo pasipo hizo hii haiwezi kusimama. Bohari ambamo vifurushi hivyo huwekwa hutiwa muhuri wa hesabu za siri, hivi kwamba kompyuta inayokichukua kifurushi huko huweza kuhakikisha kwamba hakuna mkono uliokigusa njiani. Hii ndiyo hati ya shehena kwa maana yake kamili, na wala si urasimu mtupu. Ni insafu kwa atakayeupokea mzigo.

Programu ya kuhifadhi mtandaoni ni ngumu kufungasha kuliko programu ya kuandikia barua, kwa kuwa inategemea majirani wengi. Inahitaji maktaba za usimbaji ili siri isivuje njiani, hifadhidata ndogo ya kukumbuka ni faili ipi imekwisha pelekwa, chombo cha kuonyesha alama ya usalama kwenye folda, na mtunza nywila wa mfumo. Aliyefungasha akisahau kumtaja jirani mmoja katika hati yake, programu itasimikwa, itafunguka, itapendeza macho, kisha itakuwa na tabia ya ajabu isiyoelezeka: ikikosa mtunza nywila, kwa mfano, itamwomba mwenye kompyuta ajitambulishe upya kila asubuhi kama mgeni, naye atadhani kwamba amefutwa katika orodha ya wanachama. Kosa ni la mstari mmoja katika hati. Madhila ni ya mwaka mzima.

Yako pia madhara ya kifurushi kilichofungwa vyema kisha kikaachwa bila mlinzi. Programu ya ownCloud, aliyoianzisha Mjerumani Frank Karlitschek mwaka 2010 ili watu wapate kuendesha ghala lao wenyewe katika seva yao wenyewe, ilikuwamo katika bohari la Ubuntu toleo la 14.04, lakini toleo lililokuwamo lilikuwa limechakaa, na kasoro za usalama ambazo watengenezaji walikwisha ziziba katika matoleo mapya zilibaki wazi humo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 watengenezaji wenyewe waliomba kifurushi chao kiondolewe katika bohari, kwa kuona kwamba ni heri kukosekana kuliko kuwapo kwa sura ya usalama usiokuwapo. Nalipenda tendo lile, kwa sababu lilikuwa ukiri wa hadharani kwamba dhamana ya mfungashaji haiishi siku anapokaza kamba. Mwaka 2016 Karlitschek na wenzake walitoka wakaanzisha Nextcloud, ambayo leo ni miongoni mwa programu mashuhuri za ghala la kujiendeshea.

Wako wanaosema kwamba dawa ya matatizo haya imekwisha patikana, nayo ni vifurushi vya namna mpya, AppImage, Flatpak na Snap, ambavyo kila kimoja husafiri na maktaba zake au hutegemea msingi mmoja uliotayarishwa kabla, mfano wa abiria anayeingia kivukoni na chakula chake, maji yake na godoro lake. Sikatai manufaa yake. Toleo jipya la programu laweza kufanya kazi juu ya mfumo uliozeeka kidogo, na fundi huepuka ule ugomvi wa maktaba usiokwisha. Lakini mizigo hiyo ni mizito, na uzito mtandaoni hulipiwa; kinachoonekana kidogo kwa mtu wa mjini mwenye waya wa intaneti ukutani ni pesa ya mboga kwa mtu wa ufuoni anayenunua data kwa siku. Tena mara nyingi vifurushi hivyo hutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za biti 64 peke yake, ilhali mashine kuukuu za biti 32 bado zinaonekana katika ofisi ndogo na shule za vijijini hata baada ya Ubuntu kuacha, mwaka 2017, kutoa diski ya kawaida ya kuzisimikia. Kwa hiyo mwenye kuchagua na achague kwa kuitazama mashine iliyo mezani, asichague kwa kuitazama picha iliyo katika tangazo.

Sasa niseme neno juu ya makampuni makubwa, kwa adabu na kwa ukweli. Google Drive ilipofunguliwa mwaka 2012 watumiaji wa Linux walingoja programu rasmi ya kulandanisha faili zao, na mpaka leo wangali wakitegemea werevu wa watu wengine, ikiwamo rclone, programu huru, yaani ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha. Dropbox iliwaletea watu wa Linux programu yake mapema, na ilistahili shukrani. Lakini mwezi wa Agosti 2018 ilitoa ilani kwamba kuanzia tarehe 7 Novemba mwaka ule ingekubali namna moja tu ya kupanga diski za Linux, ile iitwayo ext4, na watu waliokuwa wamepanga diski zao kwa namna nyingine wakaamka na kujiona wametengwa, mpaka mwaka uliofuata kampuni ilipolegeza sharti hilo. Na Ubuntu One, ghala lililokuwa likiletwa pamoja na Ubuntu yenyewe tangu mwaka 2009, lilitangaziwa mwisho wake mwezi wa Aprili 2014. Tarehe 1 Juni huduma ikasimama, na wenye mali wakapewa mpaka mwisho wa Julai kuja kuchukua vilivyo vyao. Ubuntu, kama ajuavyo kila Mswahili asikiaye neno hilo, ni ndugu wa neno letu utu. Na hata chini ya jina lenye utu ndani yake, ghala la mtu mwingine lilifungwa kwa hesabu ya mtu mwingine.

Siwalaumu. Mwenye duka ana haki ya kufunga duka lake. Ninachosema ni kwamba mpangaji mwenye busara hujua mlango wa kutokea kabla hajaingiza kitanda. Programu huru ina heshima iliyo karibu na ile ya kisima cha wakfu, ambacho aliyekichimba amekwisha kukitoa, hakiuzwi wala hakirithiwi, na kila mpita njia ana haki ya kuteka. Nayo Nextcloud, iliyotolewa kwa leseni iitwayo AGPL, inamlazimu anayeibadilisha na kuitolea watu huduma awafunulie pia mabadiliko aliyoyafanya. Lakini wazee wa pwani wanajua kwamba kisima cha wakfu nacho huhitaji mtu wa kuteka tope, kushona kamba na kuziba ufa. Wakfu usio na msimamizi hukauka, na sifa ya marehemu haichoti maji.

Ghala letu, licha ya kuwa mikononi mwa wengine, liko mbali. Mwaka 2009 nyaya za kwanza za baharini, Seacom na TEAMS, zilifika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kushuka mpaka ikafika hata kwetu ziwani. Lakini mwezi wa Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS karibu na Mombasa, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, ofisi za Kenya, Tanzania na nchi jirani zikaonja tena ladha ya kungoja. Katika siku kama hizo karani wa Bondo na karani wa Kisumu, walio katika ziwa moja na chini ya jua moja, wanaweza kushindwa kupashana karatasi moja ya hesabu kwa sababu karatasi hiyo hupita Ulaya kabla haijavuka mlima. Seva ndogo iliyo Kisumu, yenye umeme wa akiba na nakala ya pili mahali pengine, isingeondoa haja ya nyaya za baharini, ila ingewapa watu wa karibu njia ya kuonana.

Nikigeukia kutafuta hitilafu, nataka kwanza kuondoa dhana kwamba ni karama ya wachache. Ni adabu ya kuuliza kwa utaratibu, na haipishani sana na adabu ya mvuvi ambaye, mashua inapoingiza maji, hatukani ziwa bali hupapasa ubao mmoja baada ya mwingine. Katika programu za kuhifadhi mtandaoni mbao zinazovuja ni zilezile aghalabu. Ya kwanza ni saa, nayo tumekwisha iona. Ya pili ni idadi ya folda: kiini cha Linux kina njia ya kuipasha programu habari kila faili inapobadilika, lakini kwa miaka mingi idadi ya folda zilizoweza kulindwa hivyo na mtumiaji mmoja ilikuwa 8,192 kama ilivyowekwa tangu mwanzo, na aliyejaza folda zaidi ya hizo aliona baadhi ya kazi zake zikipelekwa na nyingine zikisinzia, akaapa kwamba programu inabagua, kumbe ni tarakimu moja katika mipango ya mfumo inayoongezwa kwa amri moja. Ya tatu ni majina: Linux huhesabu Omena yenye herufi kubwa na omena yenye herufi ndogo kuwa faili mbili mbalimbali, ilhali Windows kwa kawaida huziona kuwa moja, na ofisi yenye mashine za namna zote mbili hujikuta na nakala za mgogoro ambazo hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Dawa yake haihitaji fundi. Inahitaji makubaliano ya makarani juu ya namna ya kuandika majina.

Ya nne ndiyo yenye hatari kuliko zote, nayo haimo katika programu, imo katika ufahamu wetu. Kulandanisha si kuweka akiba. Programu inayolandanisha imeamriwa kuhakikisha kwamba kilichopo huku ndicho kilichopo kule. Kwa hiyo mtoto akiifuta folda ya baba nyumbani, programu, kwa utiifu ule ule inaosifiwa kwao, huifuta pia katika ghala na katika kila kompyuta iliyounganishwa. Maghala mengi huweka kapu la takataka na matoleo ya zamani kwa muda fulani, na hilo limewaponya wengi. Lakini muda huo una mwisho, na mtu anayegundua kosa baada ya miezi huja kulia juu ya kaburi. Akiba ya kweli ni nakala isiyofuata amri ya kufuta, iliyowekwa mbali na ya kwanza, na ambayo imejaribiwa kurejeshwa.

Katika mambo yote haya tofauti baina ya programu njema na mbaya ni ulimi wake. Programu iliyokuwa ikimsumbua kijana wa ufuoni ilijua shida yake vizuri na iliiandika kwa uaminifu katika daftari lake. Lakini juu ya uso wake, mahali ambapo mtu wa kawaida hutazama, iliandika tu kwamba hakuna muunganisho, na kwa maneno hayo machache ikamtuma kununua data mara tatu kwa ugonjwa ambao dawa yake ni betri. Na hata daftari lile lilikuwa kwa Kiingereza cha mafundi, lugha ambayo hata Mwingereza hukuna kichwa anapoisoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha mradi ulioitwa Kilinux ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, na wakati huo ilionekana kana kwamba mlango umefunguka. Miaka imepita, na ujumbe wa kosa ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ungali ni tunu. Ingefaa wanafunzi wetu wa Kiswahili na wanafunzi wetu wa kompyuta wakae meza moja, maana wa kwanza ana maneno na hana programu, na wa pili ana programu na hana maneno.

Asije mtu akasema kwamba haya ni makubwa mno kwa watu wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, ulianza mfumo wa kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta, na kazi iliyoendelea Eldoret ilizaa mwaka 2004 mradi wa OpenMRS, programu huru inayotumika leo katika nchi nyingi za dunia na ambayo juu yake umejengwa mfumo wa KenyaEMR unaohudumia vituo vingi vya afya nchini. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ya Kenya ilieneza nchi nzima mfumo wa DHIS2, uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, ukiwa na seva moja ya katikati inayofikiwa kwa mtandao, wakati ambapo nchi nyingi zilikuwa zingali zikichukuliana taarifa kwa diski na karatasi. Nyuma ya mifumo hii wako Wakenya ambao kazi yao ni kufungasha matoleo, kuyasimika katika seva za Linux, kusoma daftari za matukio usiku na kupigiwa simu alfajiri. Watu hao wapo. Majina yao hayasikiki, kwa sababu fundi wa ghala hukumbukwa siku ghala linapovuja tu.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo sina budi kuikabili kwa haki. Husemwa kwamba ofisi ndogo haina fedha ya fundi wala seva, na kwamba seva iliyosimikwa kwa bidii kisha ikasahauliwa ni mlango wazi kwa wezi, kama ilivyoonyesha ile habari ya ownCloud. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana sishauri kila ufuo uwe na seva yake chini ya mti. Lakini kaunti za kanda ya ziwa, ambazo ni 14, zimekwisha jiunga katika jumuiya moja ya kiuchumi. Kisumu ina mafundi, Maseno na Bondo zina vyuo vikuu. Na gharama inayomlemea mmoja haiwalemei 14. Kundi dogo la mafundi wanaolipwa kwa dhamana ya kudumu, wenye bohari lao la vifurushi vilivyotiwa muhuri, lenye nakala hapa hapa ili kompyuta ya shule isimikwe pasipo kununua data nyingi, lingeweza kuzihudumia shule, zahanati na vikundi vya wavuvi vya kanda nzima.

Na sheria inatusukuma huko huko. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtwika dhima anayekusanya habari za watu, na daftari la kijana wetu, lionekanalo kuwa la samaki, limejaa majina ya watu na nambari zao za simu. Anayeulizwa na sheria habari za watu ziko wapi hawezi kujibu kwamba ziko katika wingu. Mvuvi yeyote atamwambia kwamba wingu ni kitu cha kutazama kabla ya kutweka tanga, na kwamba hajapata kusikia mtu aliyeweka gunia juu yake.

Kwa hiyo nawasihi wenye kutia saini mikataba katika kaunti, shule na vyama: kabla ya kununua ghala lolote la mtandaoni, ulizeni maswali ya yule mtu wa mlangoni pa kivuko. Je, programu yake inapatikana katika kifurushi kinachofaa mashine tulizo nazo, kikiwa na hati inayotaja vyote inavyovitegemea? Ni nani mwenye dhamana ya kukisasisha, na kwa miaka mingapi? Yaweza kusimikwa mahali ambapo mtandao ni haba? Daftari lake la matukio liko wapi, na fundi wetu anaruhusiwa kulisoma? Tukiamua kuondoka, mali yetu tutaichukua kwa sura gani, na kwa siku ngapi? Muuzaji anayeudhika kwa maswali haya amekwisha yajibu.

Nawe, ndugu msomaji usiye na mkataba wa kutia saini, una kazi moja ya jioni ya leo. Chagua katika ghala lako faili moja unayoithamini, barua, picha ya harusi au hesabu za mwaka, kisha jaribu kuirejesha katika kompyuta nyingine kana kwamba hii uliyo nayo imezama ziwani. Ikirudi nzima, lala salama. Isiporudi, fungua daftari la matukio na usome mstari wa mwisho, na kabla ya kununua bando, itazame saa.